Hodi ya Tatu kwenye Dimbwi la Nyanda

Kila neno la habari hii ni kweli. Naapa kwa macho yangu yote mawili, hili zima na hili lenye mtoto wa jicho, na kama humu kuna uongo basi matope ya Rufiji yanimeze nikiwa nimesimama. Mtani wangu Kapteni Ngonyani atawaambia mengine. Msimsikilize. Yeye ni Mngoni. Babu zake waliufikia mto huu kwa miguu, wakauogopa, na mjukuu wao ndiye aliyepewa tishari aendeshe. Halafu nikisema dunia imeharibika mnadhani natania.

Mimi naitwa Shamte Mkumba, Mndengereko, mzaliwa wa Mkindu Juu, mpiga pondo mstaafu. Wakati wangu matishari yalikuwa yamekwisha kujifunza kujiendesha. Yalivaa paneli za jua mgongoni kama magamba ya kakakuona, na akili yao iliujua mto wote, kila kona, vile ulivyokuwa jana. Tabu ni kwamba Rufiji haikai ilivyokuwa jana. Fungu la mchanga linalala hapa, linaamkia kule. Kwa hiyo kila tishari, mbali na kapteni wake, lilibakiziwa mtu mmoja wa kusimama mbele na mti mrefu, kuchoma maji na kupima kina, kama watu wanavyobakiza jembe la babu nyuma ya mlango. Siku moja nililichomoa pondo nikamkuta mamba ameliuma ncha, naye yuko usingizini. Nikasoma kina, nikamrudisha polepole asiamke. Hiyo nayo ni kweli.

Sasa niwapeleke Dimbwi la Nyanda.

*

Mwaka ule mvua zilikatika mara ya pili mfululizo. Barabara ya Mkindu Juu ilikuwa imekufa zamani, daraja lake lilikwenda na mafuriko na hakuna aliyelirudisha. Kilichobaki ni mto. Kule juu watu walikuwa wanakunywa matope, na kipindupindu kikaingia. Vindege vya kubebea dawa vilileta vifurushi viwili vitatu, sawa na kuzima moto kwa mate. Tishari letu, lililoitwa *Subira*, lilipakia dripu, unga na madumu ya maji safi, likapanda.

Tulikuwa watatu. Ngonyani na kofia yake, mimi na pondo langu, na Somoe, mtoto wa dada yangu, Afisa wa Hodi.

Bila Afisa wa Hodi chombo hakiendi. Ndiyo sheria ya mto. Wahandisi walipokuja kupanga njia ya matishari waliketi na wazee wa ng'ambo zote mbili. Wahandisi walitaka namba, wazee walitaka adabu, na wazee walikuwa wengi. Ikaandikwa hivi: dimbwi ni nyumba, na wenye nyumba ni viboko. Chombo kisiingie bila kupiga hodi. Kikipiga mara tatu kisijibiwe, kirudi kilikotoka, kama mtu yeyote aliyelelewa.

Chini ya tishari vilining'inia vikombe vya kusikilizia, maana kiboko husema nusu majini na nusu hewani, na husikia kwa taya. Vikombe vilipeleka sauti kwenye mashine tuliyoiita Mkalimani, nayo ikatoa Kiswahili kwa sauti ya bibi mmoja wa Utete, marehemu sasa. Wazee haohao ndio walioifundisha. Walikaa ukingoni miaka, kiboko akiguna wanaulizwa, huyu kasemaje? Wakasema. Mashine ikashika.

Tuliikuta Nyanda jua likiwa utosini. Sikuwahi kuliona dimbwi likiwa dogo vile. Mto juu yake ulikuwa uzi wa kulitosha tishari tu, chini yake vilevile, na katikati yalibaki maji yaliyozuiwa na fungu la mchanga lililolala mbele yetu kama ng'ombe aliyegoma. Nyuma ya fungu hilo ndipo viboko wote wa sehemu ile ya mto walipokuwa wamejibana, mgongo juu ya mgongo. Na kila chenye uhai kilikuwa humohumo nao: kambare, perege, na wale domodomo wa mwisho wenye pua kama mkonga.

Nilichoma pondo. "Haipiti, Kapteni. Hapa hata bata anatembea."

"Na ng'ambo ya fungu?"

"Ng'ambo kuna kina."

Ngonyani akaliangalia jembe la chuma lililokunjwa kwenye pua ya tishari. "Basi tunalikata."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Lile fungu lilikuwa kizibo. Ukilikata, maji ya dimbwi yanateremka, tishari linanyanyuka na kupenya, na nyuma yako unaacha matope yenye viboko ndani yake. Lakini jembe lile halikuteremka kwa neno la kapteni. Lilingoja kidole gumba cha Somoe kwenye kioo cha Mkalimani, na kidole chake kilingoja jibu la wenye nyumba.

Somoe akabonyeza. Sauti ikazama majini. "Hodi."

Kimya. Viboko hawakujibu hodi ya kwanza hata siku moja. Mdomo wao ulikuwa mzito kama wa wakwe.

"Hodi."

Wakapumua, wote kwa pamoja, kama shuka linakung'utwa.

"Hodi."

Jike mkubwa, yule tuliyemwita Mwenye Nyanda, akainua kichwa. Sikio moja lilikuwa limechanika, na ndama alikuwa amebanwa ubavuni mwake. Akaguna, nikausikia mguno miguuni kabla haujafika masikioni. Na yule bibi wa Utete akasema kwa upole kutoka kwenye mashine: "Karibuni. Piteni. Sisi hatujambo."

Ngonyani akavua kofia. "Umesikia mwenyewe, Dada Somoe. Tumekaribishwa. Weka gumba."

Somoe hakuweka. Alikuwa anatazama pembeni ya kioo, mahali palipokuwa na mshale mdogo mwekundu. Mashine ilipima mtetemo wa sauti pia, hofu kwa lugha nyingine, lakini sheria haikuujua mshale huo. Sheria iliuliza neno tu. Mshale ulikuwa umeegemea ukuta wa mwisho, umekwama pale.

"Mjomba," akaniita, "mgeni akija nyumbani na sufuria ni tupu, mama alikuwa anamwambiaje?"

"Karibu chakula."

"Na mgeni?"

"Anasema ahsante, nimeshiba. Hata kama utumbo unalia."

"Haya." Akamgeukia Ngonyani. "Kapteni, waliomfundisha Mkalimani ni wazee wa hapa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwambia mgeni ondoka. Hii mashine ingelitoa wapi neno hilo? Miaka yote inasema karibuni tu, kwa sababu haijui jingine. Sisi ndio tulitakiwa kuangalia sufuria."

"Mimi sikuja kuangalia sufuria. Nimeleta dripu."

"Najua ulicholeta."

"Unajua? Mdogo wako wa tumbo moja yuko wapi sasa hivi?"

"Ngonyani," nikasema, "shika ulimi."

"Siushiki. Mtani, wewe nyumba yako iko kule. Useme na wewe."

Nilijifanya napima kina mahali ambapo hata mtoto angeona mchanga.

Kuteremsha mzigo na kuubeba kichwani tulikufikiria. Kulikuwa na siku kadhaa za pori kwa miguu, na sisi watatu, mmoja wetu na goti langu hili. Kufika tungefika, kwa mazishi.

Redio ikakwaruza. Alikuwa muuguzi wa Mkindu Juu, ambaye wagonjwa wake walikuwa wamelazwa kwenye madawati ya shule. "*Subira*, mko wapi? Dripu ya mwisho tumewagawia watu wawili, nusu kwa nusu. Somoe, mama, uko hapo? Mdogo wako Mwajabu ni mmoja wa hao wawili."

Somoe alikirudia kile kioo, akaongea na maji. Hilo halikuwemo kwenye sheria. "Tukipita, ninyi mtakaa wapi?"

Mwenye Nyanda alituangalia. Ndama alijaribu kuzama, lakini kina hakikumtosha hata yeye. Mguno ukatoka mrefu, ukavunjika katikati. Mashine ikatafuta, ikatafuta, nikasikia feni yake inavyozunguka. Kisha yule bibi akasema, vilevile kwa upole: "Karibuni."

"Mgeni wenu ana mgonjwa," Somoe akamwambia kiboko. "Mtusamehe."

Akaweka gumba.

*

Sitaeleza sana. Jembe lilipokata, fungu lilitoa sauti kama kitambaa kipya kinachopasuliwa. Maji yakatupita mbavuni, tishari likanyanyuka, tukaingia. Nilikuwa mbele, kwa hiyo nilimwona kila mmoja. Migongo ilianza kutoka, kisha matumbo, kisha magoti. Kiboko nje ya maji mchana wa jua hutoka jasho jekundu, na siku hiyo dimbwi zima lilikuwa jekundu. Domodomo walikuwa wanapiga matope kwa mikia, tap, tap, tap, hadi mlio ukapungua. Hakuna kiboko aliyetushambulia. Walisogea kutupa njia. Walisogea, jamani, kwa heshima.

Tulifika Mkindu Juu jioni. Mwajabu akapona, na wengi wakapona, na mama mmoja alilibusu bati la tishari lenye moto likamchoma mdomo, akacheka. Kama mtu anataka kuniambia tulikosea, aende kwanza akaonane na huyo mama.

Kisha ilibidi turudi.

Maji yalibaki mfereji mmoja wa upana wa tishari. Viboko wengine walikuwa wamelala ukingoni ngozi imepasuka kama udongo wa jaruba. Mwenye Nyanda alikuwa amesimama, bado, kwenye tope, na ndama amelala kwenye kivuli chake. Ndama hakuwa anapumua. Jike alikuwa anahama kidogo kila jua lilipohama, kivuli kisimtoke.

"Pita tu," Ngonyani akasema kwa sauti ndogo. "Hakuna haja."

"Sheria ni kwenda na kurudi," Somoe akasema.

Hodi. Hodi. Hodi.

Na kutoka kwenye tope lile yule bibi wa Utete akatujibu: "Karibuni. Piteni. Sisi hatujambo."

Ngonyani alivaa kofia yake mpaka machoni, na hadi bandarini hakunitania hata neno moja.

*

Mvua zilirudi. Dimbwi lilijaa, likapendeza, na halikuwa na mtu. Nasema mtu, mnielewe.

Ndipo tulipojua walichokuwa wanatufanyia bila kuombwa. Kila jioni walitoka majini kwenda kula majani, kila alfajiri walirudi, na uzito wa miguu yao ndio uliokuwa unafyeka matete na kuchimba njia ya maji. Sasa matete yakafunga, mchanga ukakaa juu ya matete, na Nyanda ikaanza kuwa kinamasi.

Lakini kabla ya matete kutuzuia, sheria ilituzuia. Tishari lilipanda na shehena, Somoe akapiga hodi tatu, hakuna aliyejibu, tishari likageuka. Mara ya pili hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimestaafu, nimeketi Mkindu Juu kwa chai ya rangi isiyo na sukari, maana sukari nayo ilikuwa upande wa pili wa hodi. Watu walikwenda kwa mwanasheria kuuliza mwenye nyumba akifa ni nani anayeitikia. Akasema warithi. Warithi tuliwaacha juani.

"Ibadilisheni sheria," nilimwambia Somoe alipokuja likizo. "Andikeni nyumba haina mwenyewe, mpite."

"Tukiandika hivyo hapa, mjomba, mwakani kila dimbwi la mto huu litaandikwa halina mwenyewe. Kuna makampuni yana majembe makubwa kuliko la kwetu."

"Na Mwajabu? Tulimwokoa aje afe kwa njaa?"

Somoe alikuwa amekonda. Mwajabu alikuwa jikoni akitwanga muhogo wa mwisho, na kila mchi uliposhuka Somoe alikuwa anakunja uso kama anayepigwa yeye.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipoapia. Kiboko mmoja alirudi.

Sijui alitoka wapi. Labda maporomoko ya juu, labda mbinguni. Alikuwa dume, mpana kama mlango wa msikiti, mwenye masharubu, tena mwenye haya, ndiyo maana hakuna aliyemwona. Alikuwa anakaa ndani ya matete, upande wenye kivuli. Tishari lilipofika likapiga hodi, likajibiwa! "Karibuni! Karibuni sana, piteni!" Shangwe zilizopigwa humo ndani tulizisikia hadi kwetu. Nasema tulizisikia, ingawa kwa usahihi mimi siku hiyo nilikuwa maeneo ya dimbwi, kwa shughuli zangu. Tishari likajikuna kwenye matete, likapita. Unga ukafika. Safari iliyofuata akajibu tena. Watoto wakatunga wimbo wa Dume la Nyanda. Nami nikawaeleza nilivyompanda mgongoni siku moja akanivusha, na hiyo ni kweli pia, isipokuwa mgongo.

Safari ya tatu tishari lilipiga hodi, likajibiwa, na halikupita. Injini ikazimwa. Nikasikia mtumbwi unateremshwa, kafi zinakuja kwenye matete, upande wenye kivuli.

Matete yakafunguka. Kwenye mtumbwi alikuwepo Somoe, na Ngonyani amekaa katikati ameshika kingo zote mbili kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa majini hadi kifuani. Mikononi nilikuwa na mtungi wa bibi yangu, mdomo wake nimeuinamisha majini, na shavu langu moja lilikuwa bado limejaa pumzi.

"Shikamoo, mjomba," Somoe akasema.

Pumzi ikatoka, mtungi ukaguna majini. Kule kwenye tishari Mkalimani akasikika akisema: "Marahaba."

Ngonyani alicheka hadi mtumbwi ukayumba, akaacha kucheka ghafla akashika kingo. "Mtani! Hata jasho jekundu hukujipaka? Dume la Nyanda! Lina kikohozi cha sigara!"

"Mmejuaje?" niliuliza. Sikuona faida ya kukana.

"Viboko walijibu hodi ya tatu," Somoe akasema. "Siku zote. Hata siku ile kwenye tope, jua lile, alingoja ya tatu. Huyu wako anajibu ya kwanza, na anasema karibuni sana." Akanyoosha mkono akautoa mtungi mikononi mwangu, taratibu, kama anayempokea mtoto aliyelala. "Nikasema huyu si mwenye nyumba. Huyu ni mtu mwenye hamu ya wageni."

"Watu wa kwetu wanakula," nilisema.

"Najua wanakula. Na wewe umetufungulia mlango wa nyumba ya marehemu, umekaa kwenye kiti chao." Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hakulia. "Safari ya kwanza niliamini, mjomba. Nilikaa kwenye lile bati nikasema labda Mungu ametusamehe."

Hapo ndipo maji yalipokuwa baridi.

Nilidhani watanipeleka kwa hakimu. Lakini Ngonyani akainua mkono. "Huyu ni wangu. Mndengereko akikutwa ameiba, mtani wake ndiye anayemkamata, na mtani ndiye anayetaja fidia. Asiye mtani asiingie." Akanitazama kwa muda, na sura yake haikuwa ya utani. "Umejifanya kiboko. Sawa. Fanya kazi yake. Jioni utoke, alfajiri urudi, uyakanyage haya matete mpaka mfereji ufunguke. Kama huko juu yupo hata mmoja aliyebaki, apate njia ya kuja kwake."

"Na goti langu?"

"Kiboko ana manne, halalamiki."

Somoe akarudi kwenye tishari. Nilimwona amesimama mbele ya kile kioo. Hodi. Nikabana mdomo. Hodi. Upepo ulipita kwenye matete na ule moyo wangu wa kijinga ukaruka. Kabla ya ile ya tatu alinitazama kwa mbali, kana kwamba mimi ningeweza kumfanyia lolote. Hodi.

Tukasikiliza, wote watatu. Tulisikiliza muda mrefu kuliko sheria inavyotaka.

Kisha *Subira* likageuka na unga wake. Likateremsha magunia ukingoni, upande wa chini wa dimbwi, na watu wa kwetu wakaja kuyabeba kichwani, porini, wenye nguvu tu. Mwajabu ni mmoja wao. Akipita ukingoni ananisalimia na gunia kichwani, nami naitikia kutoka majini.

Ndiyo hivyo. Kila jioni natoka, kila alfajiri narudi, njia inaonekana kidogo, halafu matete yanaota tena nyuma yangu. Juzi Ngonyani alikuja kunikagua. Alisimama pakavu akanitukana kwa raha, mimi na ukoo wangu wote. Kisha akakaa chini, akavua viatu, akakunja suruali na kuingia, akishika bega langu kwa nguvu hadi likauma, huku ameufumba mdomo kama anayepita kaburini. Babu zake wangemwona.

Hadi leo sijamsikia mwenye nyumba. Matope yananifika mapajani, siku nyingine kiunoni. Pale mwanzo niliapa yanimeze nikiwa nimesimama. Nadhani yalinisikia.